Sababu ya Mama Samaki

Kwa miaka mitatu Rodah aliuza maziwa kando ya mwanamke kutoka ziwani ambaye soko zima la Merigi lilimwita Mama Samaki. Aliijua mikono yake kuliko jina lake: vidole vilivyopasuka kwa chumvi, na madoa ya mafuta moto hadi karibu na kiwiko. Mama Samaki alimsalimia kila mteja kwa Kipsigis alichojifunzia hapo sokoni, “Chamgei,” kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani, na hakuketi hata siku ambazo hakuna aliyenunua.

Mwaka wa tisini na sita akaja afisa wa mradi fulani kutoka Kericho, na karatasi za maswali.

“Mama, ni nini kilikusukuma uanze biashara huku, mbali na kwenu?”

Mama Samaki aliendelea kuparua magamba. “Bwanangu alikuwa anachuna chai kwa kampuni. Alikufa Jumanne. Ijumaa wakatuambia tutoke kwa nyumba, kuna mfanyakazi mwingine anaingia. Mwili ulikuwa bado mochari.”

Afisa aliikagua karatasi juu hadi chini. “Pole, mama. Lakini hapa kuna faida, kipaji, ama kujitegemea. Niweke gani?”

Kisu kikasimama. “Weka yenye unataka.”

Akatia alama kwenye kujitegemea, akashukuru, kisha akamgeukia Rodah na karatasi mpya.

“Mimi usiniulize,” Rodah akamwambia. “Andika tu vile umezoea.”