Mvua Yenye Mapengo

Katika miaka ya sabini nilikuwa karani wa kiwanda kidogo cha kahawa cha ushirika, upande wa chini wa Nyeri. Shule niliiacha darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada niliyoinunua sokoni, na kwa daftari ambamo niliandika maneno yanayofanana mawili mawili, kila moja upande wake wa mstari. Niliamini kwamba nikishajua tofauti ya maneno sitaweza tena kukosea.

Msimu mmoja, katika mvua za mwisho wa mwaka, vitanda sita vya kahawa viliharibika. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa juu ya vitanda virefu vya wavu. Mvua ikija, inafunikwa kwa nailoni. Mvua ikikatika, hata kwa nusu saa, sharti ifunuliwe na kugeuzwa kwa mikono ipate hewa, la sivyo inashika joto na kuota ukungu. Ile ya vitanda sita ilinuka hata kutoka barabarani.

Msimamizi wa vitanda alikuwa mama mjane mwenye watoto wanne, wawili wao shule ya upili. Kamati ilisema wazi: kama mvua ya siku zile tatu, Jumanne hadi Alhamisi ya wiki iliyotangulia, haikukatika, hilo ni la Mungu; kama ilikatika, mama aende nyumbani. Mimi nikaagizwa niandike ripoti kwa Kiingereza, iende ofisi ya mjini, lakini kwanza niisome mbele ya kamati Jumatatu.

Ijumaa nilichonga penseli, nikaandika mpaka nikafika kwenye neno la kuieleza mvua. Hapo nikakwama. Daftari lilikuwa na "continual" na "continuous". Kwa Kiswahili nilizoea kuyasema yote mawili kwa neno moja, mfululizo. Kamusi ilikataa. La kwanza ni la jambo linalorudi na kurudi, lenye mapengo katikati, kama mbwa wa jirani anayebweka, akanyamaza, akabweka tena. La pili ni la jambo lisilo na pengo hata moja, kama maji ya mfereji. Kazi ya mama yule ilikuwa kati ya maneno hayo mawili.

Ningeulizwa siku hiyo ningeapa kwamba mvua haikukatika. Kumbukumbu yangu ilikuwa ngurumo ya mabati juu ya kichwa, siku tatu. Lakini kuapa si kupima. Nilikuwa na kopo la kupimia mvua, nalo nililimwaga kila asubuhi saa tatu. Lilinipa jumla ya siku nzima, halikuniambia saa. Nikaenda kumuuliza dereva wa lori.

"Si ilinyesha tu, Karani," akasema. "Ama unataka nisimame nje ninyeshewe ndiyo nikuhesabie?"

Nikamfuata mama mwenyewe. Alikuwa na wenzake wakisugua wavu wa vitanda kwa brashi.

"Mama, ile mvua ilikatika?"

"Ati sasa ndiyo unaniuliza?"

"Nataka kuandika sawasawa."

"Andika vile unajua. Si wewe ndiye uko na kitabu?"

Wenzake wakacheka, naye hakucheka. Nikarudi ofisini lakini sikuweza kukaa. Niliketi, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Jumamosi nikafungua kila kitabu kilichokuwa rafuni: cha mizani, cha mafuta ya mashine, cha mahudhurio. Katika hicho cha mahudhurio nikakuta mwandiko wangu, umepigiwa mstari mwekundu kwa rula. Jumatano, saa nne: ratiba mpya ya zamu imesomwa kwa wafanyakazi wote, ghalani. Alhamisi, saa nane: ratiba imesomwa tena pamoja na marekebisho. Chini yake nilikuwa nimeandika maswali yaliyoulizwa.

Nikatazama juu. Ndani ya ghala lile, mvua ikipiga mabati, husikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Na mimi nilikuwa nimesoma, nikasikiwa, nikaulizwa, nikajibu.

Basi palikuwa kimya. Mambo yakaanza kunirudia moja moja. Ratiba ile niliichora kwa wiki mbili, na Jumatano asubuhi nzima nilikuwa nikingoja mabati yanyamaze niisome. Yaliponyamaza tu, nikagonga chuma, nikawaita wote ndani. Mama alikuwa tayari kwenye kitanda cha kahawa, ameshika pindo la nailoni. Alisema kitu. Mimi nilimjibu, "Dakika tano tu." Tulipotoka mvua ilikuwa imerudi. Alhamisi nikafanya vilevile.

Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Neno lililofaa sasa nililijua: "continual". Lilikuwa sahihi kabisa. Ningeliandika peke yake na hakuna mtu ambaye angeweza kuniita mwongo, na mama angefukuzwa kwa neno sahihi. Niliandika sentensi ya pili, nikaifuta, nikaiandika tena mpaka karatasi ikatoboka.

Jumatatu nilisoma ripoti nikiwa nimesimama. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono.

"Karani, hicho Kizungu ni kizuri. Sasa ilikatika ama haikukatika?"

"Ilikatika, Mwenyekiti. Mara mbili."

Mjumbe mmoja akapiga meza. "Si nilisema! Mimi hata nilianika mahindi!"

"Mara zote mbili," nikasema, "mama na wenzake walikuwa ghalani. Niliwaita mimi."

"Uliwaita kufanya nini?"

"Kuwasomea ratiba."

Mwenyekiti akanitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa. "Ratiba ya nini?"

"Ya zamu za kugeuza kahawa."

Kuna aliyecheka nyuma, akajikohoza. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani, hakuinua macho. Kamati ikanitoa nje kwa karibu saa nzima. Nilizunguka mti wa uwanjani mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mama abaki. Mimi nibaki na vitabu na mizani, lakini nisimwite tena mfanyakazi yeyote kutoka vitandani.

Kesho yake mama alikuja kwenye dirisha la ofisi. Sikutarajia shukrani na hakuzileta.

"Hiyo karatasi yako ya zamu," akasema, "watu bado hawajaijua. Ukitaka kusoma, kuja huko."

Nikaenda. Nilisimama katikati ya vitanda viwili, jua kali, nikisoma kwa sauti, nao wakigeuza kahawa bila kuniangalia. Nilipofika nusu mama akasema, "Sogea, Karani, umesimama mahali pa kupita," nikasogea, nikaendelea kusoma.