Mtaa Uliojibu Hapana

Wanangu wote watatu walipokelewa na mikono ya mwanamke mmoja. Alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, mfupi, mwenye sauti ya kupenya kuta mbili. Mtaani tulimwita Sista Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno alilokupigia kelele tangu uchungu unapoanza mpaka mtoto anatoka. "Subiri! Usisukume, subiri!" Nilimwogopa mara zote tatu, na mara zote tatu nilitoka mzima, mtoto mikononi.

Watu humsimulia kwamba alikuwa mkali, kisha akasoma akawa mpole. Haikuwa rahisi hivyo. Katikati pana kosa, na kosa hilo nililifanya mimi.

Alirudi shule akiwa na miaka arobaini na tisa. Mimi ni fundi cherehani, nakaa kibarazani uso ukielekea barabarani, na hapiti mtu bila mimi kujua amevaa nini na ameshika nini. Kila Ijumaa mchana nilimwona Sista na begi la mgongoni kama la mtoto wa sekondari, kalamu nne mfukoni kifuani. Jirani yangu msusi, ambaye kiti chake kiko hatua kumi kutoka kwangu, alishindwa kuvumilia.

"Sista, unahama?"

"Nakwenda darasani."

"Kufundisha?"

"Kufundishwa."

Msusi aliachia nywele za mteja wake zikaning'inia. "Wenzako umri huu wanatafuta miwani, wewe unatafuta digrii!"

"Miwani ninayo," Sista akasema, akaigonga kwa kidole. "Imebaki digrii."

Ilikuwa shahada ya uzamili, ya afya ya akili ya jamii. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nilimwomba anieleze polepole. Akasema kuna mtaalamu anayekaa hospitali akingoja mgonjwa aletwe, na kuna mwingine anayetaka kujua mapema: mtaa huu una wangapi wasiolala, wangapi wanaolia peke yao, na nani angeweza kuwasaidia karibu na kwao. Yeye alitaka kuwa huyo wa pili. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia habari za mama mmoja aliyekuja kwenye kituo chao cha afya mara nne baada ya kujifungua, kila mara akisema kichwa kinauma. Kila mara Sista alimpa vidonge akamwambia asubiri, kitaacha. Mara ya tano hakuja. Wengine walisema amerudi kwao, wengine wakasema mengine.

"Sikumwuliza swali hata moja," Sista akasema. "Nilikuwa na foleni."

Chuo hakikumwonea haya. Mwalimu wake alikuwa na umri wa mwanawe wa kwanza, na zoezi la kwanza alimpa sifuri. Walikaa wawili wawili, mmoja akijifanya mgonjwa, mwingine akiuliza swali moja na kunyamaza. "Nilihesabu mpaka nne, nikaanza kumpa ushauri," aliniambia akicheka. Basi akafanya mazoezi nyumbani. Mumewe, fundi wa majokofu, ndiye aliyekuwa mgonjwa kila jioni wakinywa chai. "Anaanza kwa kujifanya ana huzuni, kisha anasinzia kweli."

Mwaka wa pili ukaja utafiti. Mitaa ilipigiwa kura, wetu ukamwangukia yeye. Nyumba sitini, kila nyumba maswali ishirini ya ndiyo au hapana. Karatasi ilikuwa na namba tu, haina jina. Alianza Jumamosi asubuhi, na mimi nilikuwa wa kwanza kabisa.

Hapa lazima niseme nilichokuwa nakificha. Binti yangu wa mwisho alikuwa amekuja kujifungulia kwangu. Mtoto alishafika wiki sita, na mama yake alikuwa chumba cha nyuma, amelala ameelekea ukutani. Nikimwekea mtoto kifuani alimnyonyesha, kisha akanirudishia kama mtu anayerudisha sahani. Hakuoga nisipomwogesha. Mumewe alifanya kazi mbali. Akipiga simu nilisema mwenzake amelala. Niliogopa habari isije ikafika kwa wakwe kwamba mke wa mtoto wao amerukwa na akili. Niliona wazi, kama naona barabara, wanavyokuja kumchukua mjukuu wangu.

Kwa hiyo Sista alipokaa mbele yangu na karatasi yake, mimi na mjukuu mgongoni, nilikuwa tayari.

"Unapata shida ya usingizi?"

"Hapana."

"Unalia mara kwa mara?"

"Hapana."

Hapana zikafika ishirini. Mwishoni akauliza kama kuna mtu mzima mwingine ndani. Nikamwambia binti katoka kidogo. Ndani, nyuma ya pazia la chumba chake, kitanda kikalia. Sista alitazama pazia, akanitazama mimi, akaandika, akaaga.

Alipopinda kona tu, nilikimbilia kwa msusi.

"Shoga, nimesikia maswali yote. Ukisema ndiyo hata moja, umekwisha. Karatasi inakwenda chuoni, kutoka chuoni inakwenda ofisini, kutoka ofisini linakuja gari."

"Gari gani?"

"Utaliuliza likishakupakia."

Sikuwa na ushahidi wowote wa gari. Nilikuwa na hofu tu, na hofu yangu ina miguu. Kufikia jioni mtaa mzima ulishajua maswali na majibu. Mjane wa nyumba ya kona, aliyemzika mumewe wiki mbili nyuma, alijibu kwamba halii, huku akijifuta macho. Alisema ni vitunguu, na jiko lilikuwa halijawashwa. Mlinzi mmoja mstaafu, anayezunguka uani saa zote tangu aache kazi, alisema analala fofofo. Nilizipata habari hizo kibarazani, nyumba baada ya nyumba, na Mungu anisamehe, nilijivunia. Niliona nimewaokoa watu.

Kabla ya utafiti ule Sista aliniletea kitambaa cha buluu nimshonee gauni la mahafali. Jumatatu moja mchana alikuja bila begi.

"Fundi, usikikate kile kitambaa."

"Umebadili mshono?"

"Huenda sitakivaa."

Akakaa kwenye benchi ya wateja. Msimamizi wake amehesabu karatasi: nyumba sitini, hapana elfu moja na mia mbili, ndiyo hata moja. Hapajawahi kuwa na mtaa wa namna hiyo. Chuo kinaona kwamba Sista alikaa mezani kwake akazijaza zote mwenyewe. Alhamisi asubuhi ataitwa mbele ya watu watatu, na akishindwa kujieleza anafukuzwa masomo.

"Si uwaambie ndivyo tulivyokujibu?"

"Nimewaambia." Alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani. "Labda nyinyi mna afya kuliko watu wote duniani."

Hakunilaumu. Hakuniuliza chochote. Aliondoka, na mimi nikabaki na mguu juu ya pedali, siwezi kushona. Nikikaa kimya, mwanamke aliyewapokea wanangu anafukuzwa kama mwizi wa mtihani. Nikisema, wataniuliza kwa nini nilifanya vile, na jibu liko nyuma ya pazia.

Mtoto akaanza kulia, nikaingia naye ndani ili anyonye. Binti yangu akasema bila kugeuka, "Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Siku ile, na leo. Mama, yale maswali umejibu wewe. Mimi hakuna aliyeniuliza."

"Nilikuwa nakulinda, mwanangu."

"Najua." Akavuta shuka mpaka begani. "Nimechoka kulindwa. Mwambie aje aniulize."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima.

Alhamisi niliamka nikaanza na msusi. Nilimweleza kila kitu, nikangoja matusi.

"Kumbe gari halipo?"

"Halipo."

"Na mimi niliyesema nalala vizuri! Mimi, mwenye mume anayekoroma kama lori linalopanda mlima!" Akatumbukiza vitana vyake mfukoni, akafunga mlango. "Twende. Lakini hili utanilipa kwa kunishonea."

Tuligonga milango njiani, na tulipofika chuoni tulikuwa saba, mjane wa kona akiwa mbele. Mlinzi wa getini alitutazama juu mpaka chini.

"Akina mama, harusi ni jengo lipi?"

"Ya kwako haijapangwa," msusi akamjibu. "Tupishe."

Ghorofa ya tatu ilinukia dawa ya kung'arishia sakafu. Mwisho wa korido palikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa, na Sista amekaa peke yake kwenye cha mwisho, kalamu zake nne mfukoni. Alipotuona aliruka.

"Nani kaumwa?"

Mlango ulifunguliwa wakati huohuo. Msimamizi, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, akasema kikao kile si cha wageni. Nilimwambia sisi si wageni, sisi ndio zile karatasi. Nikaingia kabla hajanizuia, mjukuu mgongoni.

"Mimi ndiye niliyejaza," nikasema. "Sikushika kalamu, lakini nilijaza mimi. Mwanamke huyu alikwenda nyumba zote sitini kwa miguu yake. Mimi nilitangulia."

Nikawaeleza. Gari, wakwe, pazia, binti yangu anayetazama ukuta. Mtoto akaamka mgongoni, nikaendelea kusema. Nilipomaliza, msimamizi hakusema kitu kwa muda mrefu, na nikatambua ni ule ukimya ambao Sista alikuwa akijifunza.

"Mliogopa karatasi itakwenda wapi?" hatimaye akauliza.

"Kokote."

Akamgeukia Sista. "Uliwaeleza inakwenda wapi?"

Sista akajibu: "Niliwaambia haina jina. Nikadhani inatosha." Akatutazama sisi mlangoni. "Miaka yote nimewaamuru. Hata safari hii sikuwaomba wajibu. Niliwaamuru."

Walimtoa kwenye tuhuma siku ileile. Lakini karatasi zote zilitupwa, akaambiwa aanze upya, na safari hii aandike pia kwa nini mtaa unaficha. Mahafali yakamruka kwa mwaka mzima. Kwenye ngazi nilianza kumwomba radhi, akainua kiganja kama zamani wodini.

"Subiri. Binti yupo nyumbani sasa hivi?"

"Yupo."

"Basi radhi utaniomba njiani."

Alikaa nyuma ya lile pazia muda mrefu. Mimi kibarazani nilikanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Alipotoka alikuwa na ruhusa ya binti kunieleza: ndiyo kumi na moja. Akasema ni ugonjwa, huwapata mama wengi baada ya kujifungua, una tiba, na hakuna anayenyang'anywa mtoto kwa sababu ya kuugua. Kesho yake alitupeleka kwa daktari. Zikaja dawa, yakaja mazungumzo kila Jumatano. Binti mwenyewe alimpigia mumewe simu akamwambia. Na yule mama mkwe wake niliyemwogopa alifika na beseni lake, akafua nguo za mtoto wiki nzima huku akininung'unikia kwamba sikumwita mapema.

Kupona hakukwenda mbio. Kulikuwa na siku nilizomkuta tena ukutani. Lakini asubuhi moja mtoto alipiga chafya mara tatu, na nikasikia mtu anacheka chumba cha nyuma. Niliacha maji ya chai yachemke mpaka yakakauka.

Sista alirudia nyumba zote sitini. Alianza kila nyumba kwa kueleza karatasi inakwenda wapi, nani ataisoma na lini itachomwa. Msusi hakuridhika mpaka alipopelekwa chuoni akaonyeshwa kabati na ufunguo wake. Nyumba ishirini na tatu zilikuwa na mtu anayehitaji msaada. Mlinzi mstaafu alikuwa mmojawapo, na mjane alilia mbele ya Sista bila kitunguu. Leo zahanati yetu ina chumba cha watu wa namna hiyo. Zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Ndani kuna viti viwili na Sista, na mimi kila nikipita nje nasema asante, hata kama mlango umefungwa.

Kitambaa cha buluu nilikikata mwaka uliofuata. Alikuja kujaribu gauni Jumanne, akasimama katikati ya kibaraza mikono ameinyoosha pembeni. Binti yangu alikuwa kwenye benchi akishona matundu ya vifungo, mtoto akivuta uzi.

"Kiuno kimeongezeka, Sista."

"Ni ule mwaka ulionipa."

"Nisamehe."

"Wewe panua mshono tu."

Nilipiga magoti kupima pindo, pini zikiwa mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni hasemeshwi, kila mteja anajua.

"Na wewe," akasema juu ya kichwa changu, "unalala?"

Nilionyesha pini. Hakurudia swali wala hakunipa ushauri. Alisimama vilevile, mikono hewani, na nilijua inachoka. Binti yangu aliacha kushona. Nilizitoa pini moja moja, nikazichoma kwenye mkono wa blauzi yangu mpaka zikaisha.

"Hapana, Sista," nikasema. "Silali."

Akashusha mikono, akavuta kiti.