Mrija Aliopewa Kalolo

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku bibi yangu alinikaripia mbele za watu, nami nilikuwa nimeshaanza kunyoa ndevu.

Nikuambie kwanza habari za Kalolo, kijana wa jirani yetu. Kiangazi kimoja alichoma nyasi ili awatoe panya wa porini, kitoweo ambacho sisi Wafipa tunakipenda, usinicheke. Wazee walimkataza kwa sababu upepo ulikuwa mkali. Sikio la kufa halisikii dawa. Moto ukaruka njia, ukala kihenge cha bibi, ulezi wote pamoja na mbegu. Kalolo akakimbilia Wampembe, kule ziwani kwa wavuvi, hata kuaga hakuaga.

Na huku kwetu, bila ulezi hakuna pombe, na bila pombe humwaliki mtu aje kukulimia. Bibi alikuwa mjane. Shamba likabaki pori, njaa ikaingia nyumbani ikakaa. Nilimchukia Kalolo, nakwambia kweli.

Misimu ikapita. Bibi akaomba mbegu kwa ndugu, akavuna, akapika pombe, watu wakaja. Tulilima matuta tangu asubuhi, tukizifukia nyasi chini ya udongo zioze ziwe mbolea. Kazi ilipokwisha tukakizunguka chungu cha pombe uani kwa bibi, kando ya shamba, kila mtu akingoja zamu yake ya mrija. Hapo ndipo Kalolo akatokea, amekonda sana, akasimama njiani. Kwa desturi yetu, asiyelima hashiki mrija, naye alilijua hilo. Akaokota jembe langu, akaingia shambani peke yake, akaanza kulima.

Bibi akainuka, akamfuata, akamshika mkono.

"Kalolo, mwanangu, njoo unywe."

"Shikamoo, bibi. Niache nilime kwanza. Hata wiki nzima nitalima."

"Marahaba. Jembe halikimbii. Aliyekimbia ni wewe. Njoo."

Nikashindwa kujizuia. "Bibi, huyu hata samahani hajasema! Tumelala njaa kwa sababu yake!"

Akanigeukia. "Na mvua hii iliyolainisha udongo, uliipata kwa wema gani? Mungu alikuuliza kwanza umeishije? Mtoto akikunyea mkono, mkono haukatwi. Nyamaza, sogea, mpishe mwenzako akae."

Nikasogea, shingo upande. Bibi akamkalisha palepale nilipokuwa mimi, akamtia mrija mkononi. Kalolo akanywa huku analia, na hapo ndipo samahani ikamtoka, tena na tena, bila mtu kumdai. Hata mimi machozi yalinilenga, ingawa nilisingizia moshi wa jikoni.

Sasa sikiliza, mwanangu. Nimesikia kwamba tangu yale uliyowatendea watu hapo mtaani Kizwite hupiti tena karibu na kanisa, ati mpaka ujirekebishe kwanza. Nani huoga ndipo aende kisimani? Umekosa, sitakudanganya, na wale uliowaumiza lazima uwaendee. Tutakwenda wote, usiogope. Lakini usidhani Mungu amesimama mlangoni anangoja umalize kulipa ndipo akufungulie. Hatungeweza kulipa, si wewe, si mimi niliyezeeka nikisali kila Jumapili. Alikupenda kabla hujajuta, na anakupenda leo hii ukiwa umejifungia humo chumbani hutaki kuonana na watu. Nenda ulivyo. Kujuta kutakuja, tena kutakuja vizuri, ukiwa umeshakaribishwa.

Mungu akuondolee aibu inayokufungia ndani, akupe usingizi, awalainishe mioyo wote utakaokutana nao. Jumapili nitakaa benchi la nyuma, lile la karibu na mlango, na nitakuwekea nafasi. Hata ukichelewa, mwanangu, njoo.