Mama Pole na Buti la Dereva

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri. Jua lilichungulia saa tano, likaona haya, likarudi ndani.

Mfagizi wa zahanati yetu tunamwita Mama Pole. Mimi ni karani wa kadi, meza yangu inatazama benchi la wagonjwa, na kwa miaka sita nimemsikia akisema neno hilo kwa mwenye homa, kwa mwenye jino bovu, hata kwa kiti alichokigonga kwa ufagio. Siku moja nilihesabu kwa penseli: mara arobaini na moja kabla ya chakula cha mchana. Najua ni Mkristo kwa sababu aliwahi kuniomba nimwandikie barua ya kubadilishiwa zamu ya Jumapili. Zaidi ya hapo hajanihubiria hata siku moja, nami nimekuwa nikijiuliza: imani yake anaiweka wapi siku nyingine sita?

Leo alikuja mzee tunayemwita Dereva, aliyeendesha malori mpaka akastaafu. Ana kisukari na kidonda kwenye kisigino. Ijumaa iliyopita muuguzi alimwambia waziwazi: kidonda kisafishwe kila siku, la sivyo mguu utakatwa. Jumamosi na Jumapili hakuja. Jana alikuja, akaondoka kabla ya kuitwa. Leo aliketi mwisho wa benchi, mguu mmoja buti la mpira, mguu wa pili ndala. Waliokuwa karibu naye walisogea mmoja mmoja, kama walioitwa upande mwingine.

Mama Pole akafika hapo akipiga deki. "Pole, baba."

"Pole ya nini?" Dereva akafoka. "Nani kafa?"

Watu wakacheka.

"Au mguu wangu mmeshauzika, sasa mnanipa rambirambi?" Akachukua kadi yake mezani kwangu, akatoka akichechemea.

"Huyo harudi," alisema muuguzi.

Mama Pole alibaki ameshika mpini. Nikamwambia, "Hujamkosea. Umesema pole tu."

"Ndiyo hiyo, nimesema tu. Nilikuwa natazama maji ya deki, karani. Hata mlango ningeukuta pale ningeuambia hivyohivyo."

Akataka nimtajie mzee anapokaa. Nikamjibu kwamba kadi ni siri.

"Basi usinitajie. Buti moja na ndala moja, mtaa mzima utakuwa umemwona."

Saa kumi alitoka, nami nikamfuata. Sikuwa na sababu ila kutaka kujua. Fundi viatu wa pili tuliyemuuliza alituonyesha mlango. "Wa buti moja? Nilimwambia alete na la pili, akanitukana."

Kilikuwa chumba kimoja. Kitanda kimetandikwa vizuri, usukani mkuukuu umetundikwa ukutani, madirisha yote mawili wazi ijapokuwa kulikuwa na baridi.

"Umekuja kuniombea?" Dereva aliuliza bila kuinuka.

"Nimekuja kukuomba."

"Kuniomba nini?"

"Msamaha. Nilikusemesha bila kukutazama. Sasa nakutazama. Kwa nini unakimbia kabla ya kuitwa?"

Mzee aliliangalia buti lake. "Mnatuvulisha viatu mbele za watu. Nikilivua hili pale kwenye benchi, hata huyo karani wako atakimbia."

"Baba, mimi nasafisha vyoo mwaka wa kumi na moja. Utanitisha kwa harufu gani?"

Dereva alicheka bila kupenda. Mama Pole hakucheka. Karatasi ya VUA VIATU HAPA, iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha vidonda, mbele ya benchi, ni yake. Muuguzi hakuiomba, Mama Pole aliiandika mwenyewe ili sakafu yake isichafuke.

"Amri ile ni yangu," alisema. "Si ya daktari. Kesho ingia na buti lako mpaka kitandani."

"Na tope lake?"

"Na tope lake. Lakini uje."

"Nitaona," akajibu mzee.

Njiani nilimuuliza Mama Pole kama aliwahi kumwombea mzee.

"Tangu Ijumaa, kila nikipiga deki. Namwomba Mungu amlete, na kumbe mimi ndiye nimebandika karatasi ya kumfukuza." Akatembea kidogo. "Sijui Mungu alikuwa ananisikilizaje."

Niliyaandika maneno yake nilipofika nyumbani, kabla sijavua koti.

Jumatano, mawingu, bila mvua. Saa moja kasoro robo Mama Pole aliikwangua karatasi ile kwa kisu butu. Saa mbili na nusu Dereva aliingia na buti lake, akapita benchi lote kichwa juu, na muuguzi akavuta pazia. Mama Pole alipiga deki nyayo za tope mpaka kwenye pazia. Kisha akaomba apewe lile buti, akatoka nalo bombani, akazamisha mkono mzima ndani na kuanza kusugua.