Poda kwa Sitini na Tisa

Kazi yangu chuoni ni kugawa vyumba. Mhadhiri wa sheria akitaka ukumbi mkubwa Jumanne asubuhi ananiandikia mimi, na projekta ikifa ananililia mimi. Hiyo ndiyo elimu yote niliyo nayo kuhusu vyuo vikuu vya nchi hii. Sasa jaribu kuwaeleza hivyo watu wa kanisa letu la Kiswahili huku kusini mwa Johannesburg. Kwao mimi ni "yule mama Mkenya wa yunivasiti", na mama wa yunivasiti bila shaka anajua nani ataingia na nani atabaki nje. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nne, ibada ikiisha sinywi chai kwa amani.

Mwanzoni nilikataa. Nikawaambia vigezo vyote viko mtandaoni, bure, hata simu ya bei rahisi inavifungua. Waliitikia kwa heshima, kisha wakanikabidhi ripoti za watoto. Kusoma ni kazi bwana, na kwa nini ujichoshe wakati anti yupo? Mwishowe nikavisoma mimi, nikavikariri, nikawa mpiga ramli wa kusanyiko. Mzazi anakaa, ananyoosha karatasi juu ya goti, halafu haniulizi kitu. Anauangalia uso wangu.

Wakenya wenzangu ndio wanaonichosha zaidi. Hawa ni watu wa mabenki na makampuni, watoto wao wanasoma shule ambazo hata nyasi zina sare. Mama mmoja alinipigia simu akilia kwa kwikwi, nikamsikiliza dakika nzima nikidhani kuna msiba, nikawa tayari nawaza nani atapika chai ya matanga. Kumbe mtoto alikuwa amepata themanini na nane ya hesabu. Nilimpa pole. Ningefanya nini?

Wakongo ni kinyume chake kabisa, na hapo ndipo kisa changu kilipo. Kwao walimu walikuwa wakitoa alama kama mtu anayetoa damu yake mwenyewe. Ukipata hamsini umefaulu, na mtaa mzima unajua. Ukipata sitini wewe ni bingwa. Sabini ni mambo ya kusimuliwa. Na matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani na kuzungushwa mtaani akifanana na mtu aliyetoka kinuni, watu wakiimba nyuma yake. Desturi nzuri sana, sina neno nayo. Tatizo ni kwamba waliibeba wakavuka nayo mipaka yote hadi huku, pamoja na ile mizani yao ya alama, na hakuna aliyewaambia kwamba mizani ya huku ni nyingine.

Kwa hiyo Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka, shule zilipofunguliwa, mlinzi mmoja wa kanisa letu alisimama kutoa ushuhuda. Alikuwa mtu wa Kivu, akiwa zamu analinda jengo la maofisi huko Marshalltown, Jumapili asubuhi anasimama mlangoni kwetu akigawa vitabu vya nyimbo. Binti yake mkubwa alikuwa amemaliza darasa la kumi na moja kwa wastani wa sitini na tisa. Alitamka hiyo namba polepole, "makumi sita na tisa", na Wakongo wote wakasimama. Akatoa kopo la poda ya watoto mfukoni, akamwaga lote juu ya kichwa cha binti. Vigelegele. Mchungaji akakohoa, akamwombea, akamwita "daktari wetu wa kesho". Kabla ya chai, bibi mmoja alikuwa ameshamwonyesha goti linalomsumbua.

Mimi nilimkuta msichana chooni akijipangusa masikio kwa karatasi. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini anakijibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. "Anti," akaniambia, "hiyo ni levo ya tano tu. Levo ziko saba, na saba ndiyo ya juu." Hakuwa analalamika. Alikuwa ananiarifu, mtaalamu kwa mtaalamu.

Nilidhani yataishia hapo. Hayakuishia hapo. Katikati ya baridi, siku chache kabla ya dirisha la maombi ya vyuo kufungwa, msichana alinivuta kando kanisani akanieleza kila kitu kwa pumzi moja. Fomu, ambayo inatumia alama za darasa la kumi na moja, ina nafasi tatu za kozi. Baba yake ameandika udaktari kwenye ya kwanza, na amekataa katakata kuandika kitu kwenye ya pili na ya tatu. Wakimkataa udaktari, basi, hana pa kwenda mwaka mzima. Atakuwa saluni ya mama yake huko Rosettenville akiosha vichwa vya watu, na jinsi anavyomjua mama yake, mwaka utazaa mwaka. "Niambie baba, anti. Wewe atakusikia." Atanisikia kwa sababu nagawa vyumba, eish.

Mchana huohuo nikaenda kwao Turffontein. Ilikuwa siku ya mbio za farasi, kwa hiyo nilizunguka barabara tatu nikitafuta pa kuegesha gari, nikafika nimeshakasirika tayari. Mama wa msichana akaniwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, chakula ambacho mimi kama Mkenya nina maoni yangu juu yake, ila nilikula chote. Msichana akakaa mezani na laptopu ya kuazima, fomu imefunguliwa. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, sijui kwa mazoea au vipi.

"Ndugu," nikamwambia, "nafasi ya huyu kuingia udaktari ni ndogo."

"Ndogo namna gani, dada?"

"Kama yangu ya kuitwa kwaya."

Alicheka, maana amenisikia nikiimba. "Dada, mutoto iko na makumi sita na tisa. Kwetu na makumi sita na tisa wanakubeba juu ya mabega."

"Hapa pia wanakubeba. Wanakupeleka nje."

Nikamfungulia somo lote. Nikamwambia wenye themanini wanapanga foleni hadi barabarani, wenye tisini wanafanyiwa mtihani mwingine wa kuwachuja, na bado wengi wao wanarudi nyumbani kulia. Nikamwambia fizikia ya binti yake imelala chini ya sitini, na kwamba pale wanaanzia fizikia kabla hata hawajasoma jina. Nikamwambia lile somo la stadi za maisha, lile alilopata themanini na nne, lile lililomvutia wastani juu, halihesabiwi.

"Maisha haihesabiwi?"

"Haihesabiwi."

"Hii ni inchi gani?"

Swali zuri, lakini si idara yangu. Nikamwomba tuandike kitu kwenye nafasi ya pili. Uso wake ukajifunga. Akanieleza kwa upole, kama anavyomweleza mgeni kwamba lifti imeharibika, kwamba nafasi ya pili ni kumwambia Mungu najua utashindwa. Kanisa zima lilisimama, poda ilimwagika, mchungaji alitamka. Sasa mtu arudi nyuma ya mgongo wa Mungu akajiwekee akiba?

"Mungu sina ugomvi naye," nikasema. "Anayechuja kwanza ni kompyuta, na hiyo haijaokoka."

Msichana aliinamisha kichwa ili asicheke. Baba yake hakucheka. Nami hapo hasira ikanipanda kweli, si kwa ajili ya maegesho tena. Nikamwuliza kama yuko tayari mtoto mwenye akili akae mwaka akiosha nywele za watu ili yeye asionekane hana imani mbele ya watu wa kwao. Nilisema kwa sauti.  Kutoka uwanjani tulisikia watu wakishangilia farasi wao.

 Halafu akaniuliza, "Na mutu wa makumi sita na mbili?"

"Wa wapi?"

"Wa fasi yoyote."

"Udaktari? Huyo aende akapumzike."

Akaitikia kwa kichwa, akakubali kabisa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. "Mimi nilipata makumi sita na mbili," akasema. "Walinipokea udaktari, Bukavu. Vita ikakuja mbele ya masomo kuanza." Hakuwa akizungumza na mimi tena, alikuwa akizungumza na binti yake, na nilivyoona usoni mwake, binti alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. "Kila siku nafungulia wale batu ya maofisi mulango. Wananipita bila kunisalimia. Najisemea, hawa hawajui ni nani anawafungulia. Ni ile inanisimamisha pale. Sasa dada anasema nilikuwa mutu wa kupumzika."

 Nilijaribu kuyafuta. Nikamwambia alama za kwao ni za kwao na za huku ni za huku, kwamba sitini na mbili yake kwa walimu wale huenda ni tisini ya hapa, na ni kweli, naapa ni kweli. Alinisikiliza jinsi watu wanavyosikiliza rambirambi. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha kukaushia vyombo. Nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia nyumbani kwa watu.

Msichana akasema kwa Kiswahili, kibovu, cha kuokoteza, "Papa, tuache tu ya kwanza. Iko sawa."

"Hapana," akasema baba yake. "Ya pili ni nini?"

"Fiziotherapi, ya kunyoosha viungo."

"Weka." Akainuka, akaanza kufunga vifungo vya shati la kazi, maana zamu yake ilikuwa inakaribia. "Kuko ya tatu?"

"Iko. Sijui niandike nini."

"Wanaofundisha kutunza wagonjwa hawako?"

"Uuguzi."

"Weka ile. Usiache kitu wazi." Akaniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili, akavaa koti, akatoka. Msichana aliandika na kufuta mara kadhaa.

Udaktari walimkataa kwa mistari miwili. Fiziotherapi walichukua miezi kadhaa kufikiri, kisha nao wakamkataa kwa mistari ileile. Mimi nikaendelea kugawa vyumba na kukwepa chai ya Jumapili, kwa sababu kila nikimwona baba yake pale mlangoni na vitabu vya nyimbo nilitazama viatu vyangu. Matokeo ya mwisho ya shule yakatoka, mwaka ukaanza, na asubuhi moja ofisini simu yangu ikalia. Alikuwa yule baba, na nyuma yake nilisikia honi za teksi na mtu akiuliza lifti iko wapi.

"Ngoja kidogo, boss," akamwambia huyo mtu, kisha akanirudia. "Dada, wamemukubali. Si ile ya kwanza. Si ile ya pili." Nikasikia akimfungulia mtu mlango. "Ni ya tatu. Ile niliongeza mimi."