Bun-tong na Prosesa ya Jirani

Bun-tong alikuwa fundi wa kompyuta kuukuu katika soko letu la chini ya ardhi hapa Taipei, na kwa wivu hakuwa na mpinzani. Jirani akipiga chafya kubwa kuliko yake, mchana kutwa alijikuna pua. Niliyoyaona nitayasema, nisiyoyaona nitayatia chumvi.

Mezani pake palikuwa na mashine moja asiyoiuza. Prosesa yake, yaani ile akili inayofanya hesabu zote, ilikuwa na umri wa kijana anayeota ndevu. Juu ya sanduku aliweka pakiti ya kijani ya vitafunwa, kama tufanyavyo wote, mashine isilete ukaidi. Ukimletea prosesa yako, aliipa kazi ileile na yake, zianze pamoja, naye akasimama mikono kiunoni. Yake ikishinda, anaipangusa kama mama anayempangusa mtoto makamasi. Ikishindwa, anasema umeme wa leo ni mbovu.

Ndipo akaja Si-han kutoka Taichung, mwanamume wa makamo mwenye nywele za kupaka rangi, akapanga meza ng'ambo ya njia, na prosesa zake zote ni za mwaka huuhuu. Hilo Bun-tong angelivumilia. Asichovumilia ni kicheko cha Bi Kio.

Bi Kio ni mjane anayeuza tambi za chaza penye ngazi. Bun-tong alimpenda kimyakimya miaka na miaka, na soko zima tulijua isipokuwa wao wawili. Sasa Si-han naye akawa anakula hapo, na kila akifungua kinywa Bi Kio anacheka mpaka upawa unamtoka mkononi.

"Meno yanakuuma, mwanangu?" nilimuuliza Bun-tong, maana meza yangu ya soksi iko ubavuni mwake.

"Hayaniumi, Bibi."

"Basi acha kuyasaga. Wateja wanadhani kuna kinu."

Siku moja Bi Kio akatangaza kwamba binti yake anaolewa Jumapili. Alikuwa na video zake tangu anatambaa, na alitaka ziunganishwe ziwe filamu moja ya karamuni.

"Mwenye mashine ya kasi ndiye atakayeifanya," akasema. "Na atakaa meza yangu, aiangalie isikwame."

Bun-tong alisikia maneno mawili tu: meza yangu.

Tukakusanyika. Video zilezile zikawekwa kwenye mashine zote mbili.

"Mzee Tong," akasema Si-han, "hiyo yako bado inakula makaa ya mawe?"

"Inakula wenye majivuno. Leo haijafungua kinywa."

Si-han akatoa feni mpya ya kupozea prosesa, aifunge mbele ya watu. Sasa, chini ya chuma cha feni mpya huwa pamebandikwa nailoni nyembamba isiyoonekana vizuri. Usipoibandua, joto halina pa kutokea. Si-han alikuwa anamtazama Bi Kio, hakuibandua. Bun-tong aliona ncha yake ikimetameta. Akafungua mdomo amwambie. Hapohapo Bi Kio akamshikia Si-han bisibisi, tena kwa mikono miwili. Bun-tong akafunga mdomo.

Zikaanza. Ile mpya ilitoka kama mbwa aliyemwagiwa maji: ya Bun-tong ikiwa bado kwenye jino la kwanza la mtoto, ya Si-han imeshampeleka mtoto shule. Kisha joto likapanda. Feni ikanguruma hadi kofia ya mpita njia ikaruka ghorofa ya pili, na mtu akakaanga yai la bata juu ya sanduku. Prosesa za siku hizi zikizidiwa hupunguza mwendo zenyewe zisiungue. Ile mpya ikawa inajikokota. Kikongwe cha Bun-tong kikaja polepole, kikaishinda kwa tofauti ya pumzi moja tu.

"Basi Jumapili, kaka Tong," akasema Bi Kio. "Na uvae shati jipya."

Mngemwona. Alitakiwa aruke. Badala yake alisimama akiitazama ile mashine ya jirani, rangi imemtoka.

"Una nini? Si umeshinda?" nikamuuliza.

"Bibi, imefungwa pua na bado imenifuata hivyo. Ikifunguliwa itakwenda mwendo gani?"

"Wewe yakuhusu nini?"

Alijaribu kukaa. Akainuka. Akakaa tena. Mwishowe akavuka njia kama mtu anayevutwa kwa kamba, akaing'oa ile feni na kubandua nailoni mbele ya watu wote. Akapaka grisi mpya ya kupitishia joto, akaifunga, akasema, "Anzeni tena. Nataka kuona."

Akaona. Ya Si-han ilimaliza kazi, ya Bun-tong ikiwa ndiyo kwanza imefika kwenye jino la pili.

Bi Kio alikuwa haangalii mashine, alimwangalia Bun-tong.

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Ulimshikia bisibisi."

Bi Kio akageuka kwenda kwenye tambi zake, na kazi akampa Si-han.

Karamuni Bun-tong alikaa nami, meza ya kumi na nne, karibu na jiko, shingo ameinyoosha kama bata. Filamu ilipita laini tangu mwanzo hadi mwisho.

"Haijakwama hata mara moja," akanung'unika, akaweka vijiti chini.

Bi Kio alipozunguka meza kunywa na wageni, alisimama kwetu, akamjazia Bun-tong kikombe.

"Kaka Tong, nyumbani nina mashine ya marehemu mume wangu. Imezima. Si-han anasema niitupe, nami sitaki. Utakuja uitazame?"

Nikampiga teke chini ya meza ili aseme ndiyo. Lakini uso wa Bun-tong ulikuwa umeshaanza kubadilika.

"Ya marehemu?" akauliza. "Ilikuwa na kasi?"

"Mwenyewe aliisifu sana."

"Kesho asubuhi naja," akasema Bun-tong, "na yangu naja nayo."