Pima Kwanza, Ndipo Ukate Waya

Ustaza, mwalimu mama aliyetufundisha umeme katika masomo ya jioni kule mtaani Gudele, amefariki. Habari ilinikuta na kikombe cha chai mkononi, nikashindwa kukimaliza, jambo ambalo halijatokea tangu niachishwe ziwa. Alilelewa ukimbizini Kenya kama mimi, akarudi nyumbani amani ilipotiwa sahihi, akakodi chumba cha mabati chenye joto la kuivisha mkate. Humo tulisoma sisi wazee wa darasa, wenye ndevu na wajukuu, tukigombania dawati kama watoto.

Taa zetu zilitoka kwa jenereta ya jirani, mzee aliyerudi kutoka Uganda, aliyeuzia mtaa mzima umeme. Kila magharibi jenereta ilikohoa, ikazimika. Siku moja, mtihani ukiwa mlangoni, mzee akaingia na koleo. "Ustaza, taa yenu inakula jenereta yangu. Leo mimi nakata waya, kalas, imekwisha!" Bila taa hakuna darasa, na bila darasa hakuna cheti. Ustaza hakuinuka hata kitini. "Kata, mzee. Lakini kwanza tupime." Akatoa mita ya umeme, akapima waya wetu: volti mia mbili, ampea moja. "Zidisheni!" Tukanguruma, "Wati mia mbili!" Nadhani walitusikia hadi Gumbo, ng'ambo ya mto. Kisha akaenda kwenye koili ambayo mzee huchemshia maji ya kuoga. Ampea kumi! "Volti gawa kwa ampea?" "Ukinzani omu ishirini!" "Volti mara ampea?" "Wati elfu mbili!" Na jenereta yenyewe imeandikwa ubavuni kwamba mwisho wake ni wati elfu moja mia tano.

"Hiyo ni ya kuoga tu!" mzee akafoka. "Wewe mama iko na kichwa ngumu." Akakata waya.

Kesho yake jua likiwa bado juu, Ustaza aliegemeza ubao kwenye ukuta wa mzee huyo huyo, kando ya geti, akaandika hesabu ile kwa herufi kubwa kama ng'ombe, akatufundishia pale. Wateja wake wa umeme waliopita walisoma. "Ya mzee, kumbe giza letu ni kuoga kwako!" mama mmoja akacheka hadi kanga ikamdondoka. Juma halikuisha, waya ukarudi, na mzee akaanza kuchemsha maji kwa makaa.

Wakati ule mji ulijaa watu wa kutuambia sisi tuliorudi kwamba tumekuja kumaliza maji, viwanja na kazi. Hakuna aliyekuwa amepima. Tuliinamisha vichwa tu, tukiomba radhi kwa kuwasha balbu.

Jana matangani nilimsikia bwana mmoja aliyevaa tai akisema marehemu alikuwa mwalimu wa balbu tu. Nilitaka kumjibu, ila mzee wa jenereta aliniwahi kwa vitendo. Yeye ndiye aliyeleta taa za msiba, bure. Mpwa wa marehemu alikuja na birika la umeme, akatafuta pa kulichomeka. Mzee akamnyang'anya, akaligeuza, akasoma maandishi ya chini, midomo ikicheza. "Wati elfu moja mia nane. Hapana! Chai ipikwe kwa makaa. Ustaza hawezi kulala kwenye giza, mimi nikiwa hapa." Kisha akakaa chini, akalia na birika mapajani.

Basi, msomaji wangu, atakayekuja na koleo kukwambia kwamba wewe ndiwe mzigo, usimwombe radhi. Mwambie alete mita. Na akikata waya, toka na ubao wako hadi getini kwake.